Jina la Kiwelisi kwa mbwa jike: lichagueni kwa sikio kabla ya kamusi

Swali: "Shikamoo, Mwalimu. Mimi na mume wangu ni watu wa Mombasa, na kazi ya hospitali imetuleta kuishi kijijini karibu na Aberystwyth, Wales. Watoto wetu wawili wanasoma shule inayofundisha kwa Kiwelisi. Mwezi uliopita tulichukua mbwa jike wa miezi kumi kutoka shamba la kondoo. Rangi yake ni kijivu chenye ubuluu, ana mabaka meusi, na jicho lake moja ni la buluu. Shambani aliitwa Fflei, lakini akilisikia jina hilo hujikunyata na kulaza masikio, kwa hiyo tunataka kumpa jipya, na watoto wameshikilia kwamba liwe la Kiwelisi. Wao wanapenda Blodeuwedd au Rhiannon, majina ya hadithi walizosoma shuleni. Jirani mmoja anasema jina la kike lazima liishie kwa -wen. Mwingine ameniambia kwamba maneno ya Kiwelisi hubadilika mwanzoni kila mara, hivyo mbwa atachanganyikiwa. Mama mkwe wangu anakuja kukaa nasi kwa miezi mitatu, na sitaki jina litakalomshinda. Tena nahofia kwamba nikimpa mbwa jina la mtu, majirani wataona nimewatukana. Jambo jingine dogo: tukimwita uwanjani, mara nyingine huinua kichwa akatazama upande ambao hatupo. Je, hajui kwamba anaitwa yeye? Tumpe jina gani?"

Marahaba, mwanangu. Umeuliza swali la jina, lakini ndani yake mna swali la lugha, swali la adabu na swali la masikio ya mbwa. Hilo la masikio, ambalo umelitia mkiani na kuliita jambo dogo, ndilo ambalo ningeanza nalo kama ungekuwa umekaa mbele yangu na mbwa wako. Nitalifikia, nalo usiliache hata kama mengine utayaamua mwenyewe.

Tuanze na kile ambacho jina ni kwa mbwa. Mbwa hajui kwamba anaitwa nani. Anachojifunza ni kwamba sauti fulani ikitoka kinywani mwa watu wake, jambo fulani hufuata mara moja: kipande cha nyama, mlango kufunguliwa, mkono wa kumpapasa, au ukali. Sauti ile ikirudiwa na jambo lile likarudiwa, viwili hivyo hushikamana akilini mwake hata asiweze kusikia kimoja bila kutarajia kingine. Kwa hiyo hakuna ubaya wowote ndani ya jina Fflei lenyewe, ambalo ni jina la Kiingereza lililovalishwa tahajia ya Kiwelisi na ambalo mbwa wengi wa kuchunga kondoo wamelibeba bila matatizo. Pengine huyu wako alikuwa akiitwa kwa kufokewa tu, na hapakuhitajika zaidi ya hapo. Kama angekuwa analipokea jina hilo kwa furaha, ningekushauri uliache kama lilivyo, kwani ni jina halali la mashamba ya huko. Kwa kuwa linamtia woga, mnafanya vyema kulibadilisha, na miezi kumi si umri wa kuchelewa. Hata mbwa mzima wa miaka mingi hujifunza jina jipya akipewa sababu ya kulipenda.

Kutokana na hayo, utaona kwamba maana ya jina ni zawadi kwa watu wa nyumbani, na sauti yake ndiyo sehemu pekee inayomhusu mbwa. Watu huanza na kamusi, wakapata neno lenye maana tamu, kisha wakagundua siku ya kwanza malishoni kwamba hawawezi kulipigia kelele. Mnapaswa kulijaribu jina kwa sauti, mlangoni, upepo ukivuma, kabla hamjaliuliza maana yake. Upepo humeza kwanza sauti nyembamba kama s na f, na huziacha irabu. Ndiyo maana jina lenye irabu pana, hasa mwishoni, hufika mbali kuliko jina linalofungwa kwa konsonanti. Mtasikia pia kwamba jina la mbwa lazima liwe na k au t ndani yake. Hiyo ni desturi ya wafunzaji zaidi kuliko jambo lililothibitishwa, ingawa haina madhara.

Lililo na uzito zaidi ni kulinganisha jina na maneno mengine mnayomwambia kila siku. Mwaka 2020 watafiti wa Budapest, Hungaria, walipima mawimbi ya ubongo wa mbwa wakisikilizishwa maneno wanayoyajua, pamoja na maneno yasiyo na maana yanayotofautiana nayo kwa sauti moja tu. Ubongo wa mbwa ulitenganisha vizuri maneno yaliyo mbali, lakini yale yaliyokaribiana mno haukuyatenganisha ipasavyo. Tatizo halikuwa masikio, kwa maana mbwa husikia hadi takriban hezi 45,000 ilhali binadamu huishia kwenye 20,000. Tatizo ni kwamba mbwa haizingatii kila sauti ndogo ndani ya neno kama tunavyoizingatia sisi. Kwa hiyo jina Nia, zuri kama lilivyo, litagongana na "na", ambalo kwa Kiwelisi ni "hapana" na ambalo watoto wako bila shaka hulitumia anapotafuna kiatu. Vivyo hivyo, ikiwa nyumbani kuna mtoto aitwaye Ali au Salima, jina Mali litamwita mbwa kila mtoto anapoitwa.

Sasa nije kwenye lugha, na kwanza niondoe hofu mbili ulizotiwa.

Si kweli kwamba jina la kike la Kiwelisi lazima liishie kwa -wen. Seren, Nest, Non, Mari, Cadi, Eira na Lleucu yote ni ya kike, na hakuna hata moja lenye kiishio hicho. Jirani yako hakutunga jambo hewani, hata hivyo. Katika Kiwelisi kivumishi cha "nyeupe" kina umbo la kiume, gwyn, na la kike, gwen, na hayo ndiyo yanayoonekana mwishoni mwa majina mengi ya kale. Kwa hiyo jina likiwa na mkia huo, kwa jike uwe -wen wala usiwe -wyn. Nje ya Wales watu huandika Bronwyn kwa wasichana, lakini ndani ya Wales linalotarajiwa ni Bronwen. Lililo baya zaidi ni Olwen. Huyo ni binti wa hadithi ambaye kila alipokanyaga yalichipua maua manne meupe ya klova, na ni jina la kupendeza kwa mbwa mwenye nyayo nyeupe. Ukikosea herufi moja ukaandika Olwyn, umemwita mbwa wako gurudumu.

Hofu ya pili ni ile ya mabadiliko ya mwanzo wa neno. Ni kweli kwamba Kiwelisi hufanya hivyo: paka ni cath, lakini ukisema "yule paka" inakuwa y gath, na mji wa Caerdydd, yaani Cardiff, ukisema unakwenda huko unakuwa Gaerdydd. Msemaji wa Kiswahili hana haki ya kulishangaa sana jambo hili, maana sisi wenyewe husema mti mrefu na kamba ndefu, wala hatuoni ajabu. Lakini katika Kiwelisi cha leo majina ya watu hayabadiliki hivyo, ingawa katika maandishi ya zamani yalibadilika, na jina la mbwa hufuata kanuni ya majina ya watu. Mbwa aitwaye Beca atabaki Beca katika kila sentensi. Kitakachobadilika ni kivumishi kinachomfuata: mtasikia Beca fach, yaani Beca mdogo, badala ya bach, na akifanya vyema ataambiwa merch dda, msichana mwema, badala ya da. Watoto wako watayasema hayo bila kufikiri, na mbwa hatajali.

Kuhusu mama mkwe, nina habari njema kuliko ulivyotarajia. Kiwelisi, kama Kiswahili, huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho katika maneno yake karibu yote. Huo ndio ugumu wa kwanza wa jina lolote la kigeni, nasi hatunao. Halafu herufi nyingi zinazowatisha Waingereza ni sauti za kwetu zilizoandikwa vingine. Herufi dd ni dh ya dhahabu. Th ni th ya thamani. Ch ni kh kama watu wa pwani wanavyoitamka katika kheri au Khamisi. C daima ni k. F moja ni v, na ff mbili ndizo f. W huweza kuwa u. Na si mbele ya irabu ni sh. Herufi u, kwa upande wenu wa kusini na kati, ni i ya kawaida. Herufi y ndiyo yenye ujanja, kwani katika silabi ya mwisho ni kama i, na katika silabi za kabla yake huwa irabu fupi hafifu ambayo hatuna. Sauti ambayo kweli itamtesa mama ni ll, ambapo ulimi hukaa mahali pa l na pumzi hupenya kando yake bila mlio wa koo. Watoto wako wameshaifunzwa. Yeye asilazimishwe, kwa hiyo majina kama Llinos, Lleucu na Llio yaacheni, hata kama Llinos ni jina la ndege mdogo mwimbaji na linavutia.

Hadithi wanazozitaja watoto zinastahili kusikilizwa vizuri kabla ya kuzichota majina, kwani ni hadithi za watu wazima, zilizoandikwa katika miswada ya karne ya 14, na hazina huruma nyingi. Blodeuwedd aliumbwa na wachawi wawili kutokana na maua ili awe mke wa Lleu, akampenda mwanamume mwingine, wakapanga kumuua mumewe, na mwishowe akageuzwa bundi anayechukiwa na ndege wengine wote. Jina lenyewe hutamkwa Blodeiwedh, mkazo ukiwa kwenye dei, na kwa kweli halimshindi Mswahili, lakini ni refu kwa kuita, na baada ya wiki mbili litakuwa Blod. Mkiona Blod linawafaa, basi mwiteni Blod tangu mwanzo.

Rhiannon ni jina kubwa, la mwanamke mwenye subira na farasi asiyeweza kufikiwa. Lakini waulize watoto kama mwalimu aliwasomea sehemu ile ambapo mtoto wake mchanga anatoweka usiku, na wanawake waliolala zamu, wakiogopa kuadhibiwa, wanachinja watoto wa mbwa jike aliyekuwa amezaa mle jumbani na kumpaka Rhiannon damu yao ili aonekane amemla mwanawe. Mimi sina ushirikina wa majina, ila kumpa mbwa jike jina hilo, kwa anayeijua hadithi, ni mzaha mchungu kidogo.

Mbwa jike halisi wa hadithi hizo wapo. Rhymhi ni mbwa jike aliyetembea katika umbo la mbwa mwitu na wanawe wawili, ambaye Arthur, shujaa wa hadithi hizo, alimsaka kusini-magharibi mwa Wales, lakini jina lake litawashangaza hata Wawelisi wengi na mama mkwe hatalipenda. Ceridwen, mwanamke wa chungu cha hekima, alijigeuza mbwa jike mwembamba wa mbio ili kumfukuza kijana aliyejigeuza sungura. Kama mbwa wako angekuwa wa aina hiyo ya miguu mirefu, ningelipigia kura bila kusita. Na watu wakikushauri Gelert, yule mbwa maarufu wa mtawala Llywelyn ambaye kaburi lake huonyeshwa kijijini Beddgelert, kumbuka kwanza kwamba alikuwa dume, pili kwamba katika hadithi anauawa na bwana wake kwa kosa ambalo hakulitenda. Wanahistoria wanaona kwamba kisa hicho kilikuzwa na mwenye hoteli wa pale mwishoni mwa karne ya 18 ili kuvuta wageni. Watalii bado wanamlilia.

Sasa suala la adabu. Kwetu, kumpa mbwa jina la mtu aliye hai mtaani ni kutafuta ugomvi, ndiyo maana mbwa wetu wengi ni Simba na Tomi. Wales mambo si hivyo. Kwenye mashamba ya kondoo majina ya kawaida ya mbwa jike ni Nel, Meg na Jes, na madume huitwa Mot na Pero. Nel na Meg ni majina ya wanawake pia, na hakuna bibi anayekasirika. Nchi hii inajali mbwa wake wa kazi kwa muda mrefu: mashindano ya kwanza ya mbwa wa kuchunga kondoo nchini Uingereza yalifanyika Bala, kaskazini mwa Wales, mwaka 1873. Hata hivyo ningeepuka jina la mwalimu wa watoto, la jirani wa mlango wa pili na la mkuu wako kazini, si kwa sababu watatukanika, bali kwa sababu siku utakapopaza sauti "acha uchafu huo" watageuka wao. Majina ya watakatifu kama Non na Dwynwen hayajakatazwa, ila mahali penye wazee wa kanisa mimi ningeyapita.

Wala usiogope kwamba mgeni akitumia jina la Kiwelisi ataonekana anajipendekeza. Katika sensa ya 2021 waliosema wanazungumza Kiwelisi walikuwa takriban watu 538,000, asilimia 17.8 ya wakazi wa Wales wenye umri wa miaka mitatu na kuendelea. Huko kwenu Ceredigion walikuwa karibu asilimia 45. Lugha iliyo katika hali hiyo hufurahia kila kinywa kinachoitamka sawasawa. Kinachoudhi ni neno lililookotwa kwenye kamusi bila kumuuliza mtu. Mfano ni gast, ambalo maana yake ni mbwa jike na ambalo mkulima na daktari wa mifugo hulitumia bila aibu, lakini likielekezwa kwa mwanamke ni tusi zito. Msilitie kwenye jina kwa namna yoyote.

Basi nitaje majina. Kuna machache ambayo Mswahili huyapokea kama ndugu waliopotea. Mali, ambalo ni umbo la Kiwelisi la Molly, husomeka vile vile kama mali yetu. Cadi, kifupi cha Catrin, hutamkwa kadi. Siani, kutoka Siân, hutamkwa Shani, na mama mkwe atadhani mmechagua jina la Kiswahili. Kwa mbwa mwenye manyoya mengi lina mzaha wake, maana siani flewog ni kiwavi mwenye manyoya. Mkipenda mzaha zaidi kuna Pili-pala, kipepeo, ambalo nyumbani kwenu litakuwa Pilipili kabla ya jioni.

Kwa rangi ya mbwa wako, jina linalomfaa barabara ni Glesni. Linatokana na glas, neno ambalo Wawelisi hulitumia kwa buluu, na pia kwa kijivu cha wanyama na kijani cha majani. Ni jina halisi la wanawake, lina silabi mbili, na mama mkwe atalitamka Gilesni bila kulidhuru. Udhaifu wake ni huo mkutano wa konsonanti katikati na irabu nyembamba mwishoni. Karibu na nyumba linasikika, ng'ambo ya malisho linapotea. Teifi, ambalo hutamkwa Teivi, ni jina la mto unaoanzia vilima vya Ceredigion na kuingia baharini Cardigan, mji ambao kwa Kiwelisi huitwa Aberteifi. Hilo ningelipenda kwa sababu linamfunga mbwa na mahali alikozaliwa bila kumgusa mtu yeyote. Seren, nyota, ni zuri, lakini limependwa sana kwa wasichana, na bustanini mtageuka wengi. Enfys na Eira, upinde wa mvua na theluji, hayana kasoro kwa kinywa chetu mradi f ya Enfys itamkwe v, ila kumwita mbwa wa mabaka Theluji ni juu yenu.

Mkinibana nitaje moja, nitasema Beca. Lina silabi mbili, linaanza kwa sauti ya kupasuka, linaishia kwa a inayoweza kuvutwa hadi upande wa pili wa bonde, na hakuna Mswahili anayeweza kulikosea. Tena lina hadithi ambayo watoto wataipenda kama walivyoipenda ya Blodeuwedd, nayo ilitukia kweli katika upande wenu wa nchi. Kati ya 1839 na 1843 wakulima wa Wales magharibi, waliochoshwa na tozo za barabarani, walivaa nguo za kike usiku, wakajiita Merched Beca, mabinti wa Beca, na kuvunja mageti ya tozo. Mbwa wa shamba anayejua kupita mageti hastahili jina jingine. Lina kasoro moja tu kwenu: silabi yake ya mwisho inakaribia "kaa", ambalo nadhani ndilo mnalomwambia anapotakiwa kuketi. Badilisheni amri, mseme "keti" au eistedd ya Kiwelisi, na mfuate hilo moja nyumba nzima. Lugha tatu nyumbani hazimsumbui mbwa. Kinachomsumbua ni kitendo kimoja kuitwa kwa maneno matatu.

Kabla ya kukata shauri, kila mmoja alipige kelele jina mlilolipenda kutoka mlangoni, na mama mkwe asikilizwe kwa simu akilitamka. Kisha muombe jirani msemaji wa Kiwelisi alitamke mara chache watoto na nyinyi mkimwiga, kwa kuwa tahajia peke yake haitoshi na mimi siwezi kuwasahihisha kwa maandishi.

Mkishachagua, liacheni Fflei kabisa. Kwa mbwa anayelipenda jina lake la zamani huwa tunalitaja jipya na la zamani kwa pamoja kwa siku kadhaa, lakini kwenu mtakuwa mnaipaka sauti mpya woga wa zamani. Anzeni ndani ya nyumba, mahali patulivu. Semeni jina mara moja, kwa sauti ya kawaida. Akigeuza tu kichwa, mpeni kipande cha nyama papo hapo, kabla hajafikiria jambo jingine. Fanyeni hivyo kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku, na kila mtu wa nyumbani ashiriki. Msilirudie jina mara kumi mfululizo, kwa maana mtamfundisha kwamba la kwanza hadi la tisa si lake. Na msilitumie kamwe mnapomkemea, mnapomkata kucha au mnapomfungia. Kwa mambo hayo mwendeeni kimya.

Fahamuni pia kwamba jina si wito. Jina linasema "nitazame", na neno la kumwita, iwe "njoo" au dere la Kiwelisi cha upande wenu, linasema "uje hapa". Wengi hutegemea jina lifanye kazi zote mbili, kisha hulalamika kwamba mbwa mkaidi anawatazama tu, kumbe ametii. Mpaka hilo la pili liimarike, mbwa awe kwenye kamba ndefu kila mnapopita karibu na kondoo. Sheria ya 1953 ya kulinda mifugo dhidi ya mbwa inamfanya mwenye mbwa kuwa na hatia mbwa wake akiwasumbua, na mbwa wa damu ya uchungaji huwafuata kabla hujamaliza kuvuta pumzi.

Sasa nirudi kwenye lile jambo dogo. Mbwa anayeitwa, akainua kichwa, kisha akatazama upande usio sahihi, amesikia na amejua kwamba kuna sauti. Kilichomshinda ni kujua inatoka wapi. Mbwa, kama sisi, hupata mwelekeo wa sauti kwa kulinganisha kinachofika sikio la kulia na kinachofika la kushoto. Sikio moja lisipofanya kazi, ulinganisho huo haupo. Rangi uliyoieleza, kijivu-buluu chenye mabaka pamoja na jicho la buluu, hutokana na jeni ambayo huambatana na uziwi wa sikio moja au yote mawili katika baadhi ya mbwa, hasa walioirithi kutoka kwa wazazi wote wawili. Sisemi kwamba ndivyo ilivyo kwake. Upepo na mwangwi wa kuta vinaweza kumdanganya hata mbwa mzima, na uambukizo wa sikio au nta nyingi huweza kuleta dalili hiyo hiyo. Lakini kupiga makofi nyuma yake hakutawapa jibu, kwani sikio moja zima linatosha kumfanya aruke.

Mpelekeni kwa daktari wa mifugo akague masikio yote mawili na shingo, maana maumivu nayo humfanya mbwa ajikunyate anapoitwa. Mwelezeni rangi ya wazazi kama mnaijua, na mwombeni, akiona inafaa, awaelekeze kwenye kipimo kinachosoma umeme wa neva za masikio, kila sikio peke yake. Si kila kliniki inacho. Ikithibitika kwamba sikio moja halisikii, jina halibadiliki na maisha yake hayaharibiki. Mtaongeza ishara ya mkono ulioinuliwa juu pamoja na jina, na hamtamwachia huru karibu na barabara. Na ikiwa masikio ni mazima lakini bado analaza masikio na kujificha wiki kadhaa baada ya kuacha jina la zamani, tafuteni mfunzaji anayetumia zawadi, aje amwone nyumbani kwenu. Akiwaleteeni mkanda wa shingoni wa kupiga shoti ya umeme, mwambieni aondoke nao: Wales imeupiga marufuku tangu 2010.

Mnapobadilisha jina, hakikisheni pia kwamba chipu iliyo chini ya ngozi yake imeandikishwa kwenu, kwa sababu mbwa wa shamba mara nyingi hubaki kwenye kumbukumbu za mwenye shamba. Kwenye kibati cha shingoni sheria inataka jina na anwani ya mwenye mbwa. Jina la mbwa mwenyewe halitakiwi, na mimi huwashauri watu wasiliweke, ili mtu asiyemjua asimwite kwa jina akamfuata.